Nasra Muulize Katikati

Muscat,
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanahawa, Makunduchi.

Assalaam alaykum. Shikamoo mama. Mkono wako naubusu hapa juu ya karatasi mpaka Mungu atakaponijaalia kuubusu wenyewe. Mimi ni mzima, isipokuwa joto la huku ambalo halimhurumii mtu, na miguu inayovimba jioni kwa kusimama jikoni. Vipi goti lako? Vipi mwani msimu huu, umeshika vizuri au umeoza tena kama mwaka jana? Na ule upande wa paa uliokuwa ukivuja, kaka Makame keshaufunika, au bado anasema kesho? Nijibu yote, na la goti usinifiche.

Barua hii anakuletea Bi Saumu wa Mpendae, ambaye amemaliza kazi huku na anarudi moja kwa moja. Ndani ya mzigo kuna tende, dawa ya kuchulia goti, na kanga mbili. Ile yenye maandishi ya kukera ni ya dada Mwajuma, mwenyewe atajua kwa nini.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu huitaki. Wasema inakatika mtu akiwa katikati ya neno la maana. Ni kweli, lakini mama, nikikupigia huwa unanikatisha wewe kabla ya mtandao. Leo nitasema mpaka nimalize.

Salamu zako zimenifika. Dada Mwajuma amenieleza kwa simu kuwa skuli zikifungwa tu utamtuma kaka Makame aje Jang'ombe, kwa Mwajuma, kumchukua mwanangu Nasra, akae kwako moja kwa moja. Umesema mtoto hana kichwa cha hesabu, keshapelekwa tuisheni hii na ile na bado anafeli, na kuliko kumtesa mjini ni bora aje ajifunze kufunga mwani. Umesema pia kuwa mimi nilikuja likizo nikalala kwako siku mbili tu kama mgeni, nikarudi mjini mbio kwa ajili ya hiyo hiyo tuisheni, na faida yake haionekani. Mama, nilipoyasikia hayo niliumia. Sikuumia kwa sababu umenisema, umenisema tangu nazaliwa. Niliumia kwa kuwa Nasra alikuwa amekaa pembeni ya Mwajuma, akayasikia yote. Kwa hiyo nakueleza tangu mwanzo, na jibu langu nalitanguliza lisikuchoshe kulitafuta: Nasra haji kukaa Makunduchi. Atakuja kukuamkia likizo, kisha atarudi mjini.

Unakumbuka tangu yuko darasa la kwanza sote tulikuwa tukimsifu. Sauti ile kaichukua kwako. Ulimfundisha kughani meza ya mbili na ya tatu kwa mahadhi ya kasida, huku ukimtia mafuta ya nywele, na alipofika darasa la tatu akawa anaghani mpaka ya tisa. Wageni wakija anaitwa, anasimama, anaghani, watu wanampa peremende. Hata mimi, akinighania kwenye simu, nilikuwa nawaita wenzangu wa huku waje wasikie. Halafu matokeo ya skuli yanakuja mabaya, na sisi tunasema mwalimu wa skuli anamwonea.

Nilipofika likizo, siku ya tatu hivi, watu walikuwa waje kuniamkia pale kwa Mwajuma. Tunapika katlesi. Nasra ananisaidia kupanga kwenye sahani, na mimi nikamuuliza hivi hivi tu, bila ya kumtega: sahani ziko sita, kila sahani ina katlesi saba, jumla zitakuwa ngapi? Mama, mtoto aligeukia ukutani. Nikaona midomo inacheza. Alikuwa anaanza chini, saba mara moja, saba, saba mara mbili, kumi na nne, kwa yale mahadhi yako, apande mpaka afike kwenye sita. Hajafika, mimi nikamwambia anipe chumvi. Akapotea. Akaanza tena moja. Mwajuma akaingia akauliza mafuta yako wapi, akapotea tena. Mara ya tatu hakuanza, akakaa chini akalia, akasema, "Mama, mie mzito, hata bibi anajua."

Nikamfuta machozi, na katlesi tukazihesabu kwa kidole pamoja. Lakini tangu pale sikuwa na raha ya likizo. Wageni walikuja, wakala, wakaondoka, mimi nafikiri ule ukuta.

Kesho yake nilikwenda kuiona tuisheni aliyokuwa akienda, ile ya Mpendae ambayo Mwajuma aliisifu kwa kuwa watoto wa mtaa mzima wanakwenda. Ni ukumbi mkubwa, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni, wengine wamekaa sakafuni. Mwalimu kijana, mchangamfu, ana fimbo ya kugongea ubao. Anagonga, watoto wanaitikia kwa pamoja, na ukumbi unatetemeka. Mstari wa mbele kabisa ni Nasra wangu, ndiye anayeanzisha na wenzake wanafuata. Baada ya kipindi nikamuuliza mwalimu maendeleo yake. Akanijibu kwa furaha kuwa huyu ndiye nguzo yake, siku asipokuja darasa zima linapoa. Nikamuuliza kama amewahi kumuuliza swali peke yake. Akacheka kwa adabu, akanionyesha mabenchi. Simlaumu, mama. Mtu mmoja kwa watoto wote wale hawezi kufanya zaidi ya kuwaongoza waimbe, na anawaongoza vizuri.

Mwajuma akasema basi tumtafutie mwalimu wa kuja nyumbani, wa peke yake, maana wenye uwezo ndivyo wanavyofanya. Hapo ndipo kazi yangu ya huku iliponisaidia. Nimewahi kukueleza kuwa nyumba hii ninayopika ni ya bibi mmoja mzee, naye kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu cha zamani. Akiniita naitika naam, basi anafurahi anasema nimemrudisha kwao. Anaye mjukuu wa umri wa Nasra ambaye huletewa mwalimu kila jioni, wanakaa meza iliyo mbele ya jiko langu, nawaona. Mwanzo wa kipindi kalamu iko mkononi mwa mtoto. Mtoto akikwama kidogo anamtazama mwalimu kwa macho ya huruma, mwalimu anaichukua kalamu amwonyeshe, na kalamu hairudi tena mpaka mwisho. Daftari linajaa tiki nyekundu, mama mtu anafurahi, na mtoto hajui kitu.

Hata hivyo tulijaribu, Mwajuma asije akasema nimekataa kwa kiburi. Alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mpole, ana heshima zake. Nikakaa upande wa pili wa pazia nikiwasikiliza. Kabla chai haijapoa, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nasra kakaa kimya anamwitikia ndiyo, ndiyo. Yule kijana nilimshukuru, nikampa katlesi zilizobaki, na sikumwambia arudi.

Basi mama, nikaanza kuuliza watu. Niliuliza sokoni Darajani, niliuliza msibani, niliuliza hata kwa mshoni. Mwajuma akaona haya, akaniambia nimekuwa kama mtu anayemtafutia mwanawe mchumba. Nikamwambia mchumba mbaya unaweza kuachana naye. Mwisho mke wa fundi cherehani akanitajia Bi Ruzuna, mwalimu wa skuli aliyeacha kazi ili amuuguze mama yake. Anaishi Mji Mkongwe, ghorofani, kule nyuma ya msikiti. Anafundisha hesabu watoto watano tu kwa kipindi, na watu wanasema ana masharti.

Masharti kweli anayo. Tulipanda ngazi zile za giza, mimi na Nasra na Mwajuma, tukamkuta amekaa kwenye mkeka na watoto wake duara, mama yake kalala kitandani chumba cha pili, mlango wazi. Hakutukaribisha mazungumzo. Alimwambia Nasra akae, akamuuliza anajua meza ya saba. Nasra uso ukamng'ara, akavuta pumzi, akaanza. Bi Ruzuna akamwacha amalize mbili tatu, kisha akanyanyua kiganja kumnyamazisha, taratibu, akasema, "Saba mara nane."

Nasra akatazama ukutani. Midomo ikaanza kucheza.

"Usianze chini, mwanangu. Nnakuuliza hapo hapo katikati."

Mtoto akanyamaza, na Bi Ruzuna naye akanyamaza. Mama, kimya kile kilikuwa kirefu mpaka Mwajuma akataka kumnong'oneza jibu, na Bi Ruzuna akamtazama jicho ambalo sijaliona tangu nilipoondoka kwenye mkeka wako.

Na hapo ndipo nilipoona kosa letu, nikajishika kichwa. Kwa sababu mama, jicho lile ni lako. Unakumbuka chuo chako cha Kurani pale barazani, watoto tumejaa, kila mmoja anasoma kwa sauti mahali pake, wewe unasuka ukili huku unatuita mmoja mmoja tuje utusikilize? Mimi nilikuwa nimeihifadhi sura nzima kwa masikio, kwa kuwasikia wakubwa. Nikaja mbele yako nikaisoma kama maji, kidole kinatembea juu ya msahafu lakini kiko mstari mwingine kabisa. Hukunisifu. Ulikishika kidole changu ukakiweka katikati ya ukurasa, ukaniambia soma hapa. Sikuweza hata herufi moja. Ukanirudisha kwenye juzuu ya mwanzo nikakae na watoto wadogo, na mimi nishavunja ungo. Hakuna mtoto aliyepita mbele yako kwa sauti nzuri tu. Lakini hesabu tukaiona ni kitu cha skuli, si chetu, tukasahau kushika kidole. Wewe ukamwimbisha, mimi nikamshangilia, Mwajuma akamtafutia ukumbi wa kuimbia. Sote watatu tunajua namna ya kumsikiliza msomaji, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsikiliza.

Bi Ruzuna akasema nafasi anayo moja, lakini si kwenye kundi la darasa la nne. Nasra atakaa na watoto wa darasa la pili, kwa kuwa hapo ndipo alipofika. Mwajuma akakasirika waziwazi. Kwenye ngazi tukishuka alinishika mkono. "Utamweka mtoto wa watu na vitoto vidogo, mtaa mzima ujue? Kesho ataolewa huyo, watasema alirudishwa." Nikamwambia waseme. Nasra mwenyewe akasimama kwenye ngazi ya chini, akakataa kutembea, akasema heri ya Mpendae, kule anakaa mbele.

Nilikaa kwenye baraza ya nyumba ya watu, nikampakata mkubwa mzima yule, watu wanapita. Nikamsimulia habari ya kidole changu. Hakuniamini.

"Bibi alikurudisha weye?"

"Alinirudisha. Na waliokaa na mimi walikuwa hawana meno ya mbele."

"Ukalia?"

"Nkalia. Kisha nkasoma."

Kisha akaniuliza kama nilipandishwa tena, nikamwambia ndiyo, na niliowaacha sikuwaona tena nyuma yangu. Akaniuliza kama ni lazima mama mkubwa aje naye, au anaweza kwenda bila ya mtu wa kumsemea. Nikajua keshakubali.

Sasa nakufikia wewe na siku mbili zako. Sharti la pili la Bi Ruzuna ni kuwa juma la mwanzo mzazi anakaa chumba cha pili, karibu na mama mgonjwa, asikie bila kuingia. Anasema mzazi asiyesikia mtoto wake akinyamaza hawezi kuvumilia, atamtoa. Juma hilo likaangukia siku nilizokuwa nimekuwekea wewe. Ningeweza kumwachia Mwajuma, lakini unamjua, angenong'ona jibu kupitia ukutani. Kwa hiyo nilikuja kwako siku mbili nikarudi. Ulisimama mlangoni hukunipungia mkono, na mimi ndani ya gari nililia mpaka Jozani. Niliijua thamani ya siku zile, mama. Nilizitoa nikijua, na ningelazimika ningezitoa tena.

Na nilichokisikia kupitia mlango ule nakueleza. Watoto watano, kila mmoja ana swali lake. Wanafanya kwa maharagwe na kwa vijiti, kisha kwa kalamu, na kalamu ya mtoto Bi Ruzuna haigusi hata siku moja, mikono yake iko mapajani. Mtoto akimaliza hasemi jibu kwanza. Anawaeleza wenzake kalipataje, nao wanaruhusiwa kumbishia. Watano wanatosha kubishana, na hawatoshi mtu kujificha. Hilo ndilo lililonifanya niache vyote nilivyoviona nikachague hapo. Kwenye ukumbi Nasra alijificha ndani ya sauti za watu, na kwa yule kijana alijificha nyuma ya kalamu yake. Siku ya nne nilimsikia akimwambia kitoto kimoja cha darasa la pili, "Si hivo, umeihesabu hii mara mbili, tazama." Kwa sauti ya kawaida, bila mahadhi. Mama yake Bi Ruzuna pale kitandani akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia moshi.

Najua utasema, na mtihani je? Ndiyo, kafeli tena. Mwajuma kakueleza alama, lakini hakukueleza kilichomo, basi nakueleza mimi. Nilimwomba mwalimu wake wa skuli anisomee karatasi kwa simu. Zamani Nasra alikuwa anajibu maswali yote, moja baada ya jingine, mbiombio, na karibu yote makosa. Safari hii kajibu machache tu, wakati ukamwishia. Lakini yale aliyoyajibu yote ni sahihi, na pembeni kaandika alivyoyapata. Mwalimu aliona kuwa kapungua kasi. Mimi naona kuwa kaacha kubahatisha. Bi Ruzuna keshampandisha akae na darasa la tatu, na anasema kasi huja yenyewe mtoto akishajua njia. Mimi namwamini, kwa sababu wewe ulikuwa ukisema hivyo hivyo kuhusu kusoma.

Kwa hiyo nimeamua. Nasra atabaki kwa Bi Ruzuna mpaka atakapolikuta darasa lake, ikichukua mwaka au zaidi. Kwenda na kurudi atapelekwa na Mwajuma, tumekubaliana, na ile kanga ni ya kumlainisha, au ya kumchokoza, moja katika hayo. Ukimtuma kaka Makame, atakunywa chai Jang'ombe na atarudi peke yake. Sikuvunjii heshima mama, wewe ndiye mwenye mimi. Lakini mtoto nilimwacha mikononi mwa ndugu zangu ili asome, na sitakaa huku nchi ya watu nikipika vyungu vya wengine halafu aje aambiwe hana kichwa. Kufunga mwani atajifunza, na ni kazi ya heshima iliyonilisha mimi. Sitaki aifanye kwa kuwa kahukumiwa mzito.

Juzi nilimpigia. Nikamuuliza, "Nane mara tisa?" Akanyamaza. Mama, nikatega sikio kusikia kama anaghani pole pole, sikusikia kitu ila honi ya pikipiki nje. Mimi ambaye salio la simu hunitia wazimu nikanyamaza naye. Kisha akasema, "Sabini na mbili. Nmechukua nane mara kumi, themanini, nkatoa nane moja." Halafu akaniuliza kama bibi kajua kuwa kapandishwa. Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Mwambie nkija nisighani kwanza."

Hilo ndilo ombi lake, na langu ni hili. Skuli zikifungwa atakuja kwako kukaa siku chache. Usimsimamishe mbele ya wageni. Mchukue pwani maji yakitoka, mpitishe kwenye kamba zako za mwani, na muulize: kamba hizi ni ngapi, kila kamba ina vishada vingapi, jumla ni vingapi. Muulize katikati, kama ulivyokishika kidole changu. Kisha usimsaidie, usimwimbie, usimwambie haraka maji yanarudi. Atanyamaza. Utaona kama hajui. Vumilia hapo hapo, mama, nyamaza naye, na jibu atakalolitoa lisikilize mpaka mwisho. Akishamaliza, mwambie yale uliyoniambia mimi siku uliyonipandisha, unayakumbuka, sina haja ya kuyaandika. Akitoka kwako na maneno yale, hakuna mtu atakayemwita mzito tena akaamini.

Nisalimie kaka Makame, mwambie paa. Msalimie wifi na watoto wake, na shangazi Mize, mwambie ubani wake bado nautafuta ule mzuri. Majirani wa visimani wote nisalimie, na yule mbuzi wako mkorofi pia. Bibi wa nyumba hii anakusalimu bila kukujua, anasema mwenye mtoto kama mimi lazima awe mkali.

Niombee dua, na unisamehe siku zile. Mkataba wangu ukimalizika sitaongeza, nitakuja Makunduchi kukaa mpaka unichoke.

Ni mimi mwanao uliyemrudisha nyuma, akasoma,

Zuwena